Mstari wa Chumvi

Kazi yangu ya kwanza serikalini ilikuwa kutumbukiza mkono kwenye gunia. Niliripoti Kasulu asubuhi ya Jumatatu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na cheti cha chuo cha kilimo ndani ya bahasha na viatu vipya vilivyonibana. Bwana Shamba wa Wilaya hakuitaka bahasha. Alinipeleka moja kwa moja ghala la mbegu, akafungua gunia la mahindi na kuniamuru nikunje mkono wa shati mpaka begani.

"Tumbukiza," alisema. Nikatumbukiza. "Unasikia nini?"

"Mahindi, mzee."

"Mahindi hata mimi nayaona. Nakuuliza mkono unasikia nini."

Nilisema nasikia baridi. Akatikisa kichwa kukubali, akaniambia kuwa siku nitakaposikia joto nijue mbegu imeanza kujila. Mbegu ni kitu hai, inapumua kidogo kidogo. Ikiwa kavu hupumua taratibu kama mtu aliyelala, ikipata unyevu hupumua kwa nguvu, na kupumua huko kunaleta joto, joto linaleta kuvu, na kuvu ikishaingia, mkulima anapanda maiti. Alinieleza yote hayo mkono wangu ukiwa bado ndani ya gunia, maana hakuniruhusu kuutoa.

Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sikuwa na mke, na katika wilaya nzima ya Kasulu hakuna aliyejua jina la mama yangu. Waha walinisalimu vizuri, walinikaribisha ugali na migebuka, samaki wa ziwa lao, lakini mazungumzo yakinoga walirudi kwenye Kiha chao, nami nikabaki kutabasamu kwa heshima. Mtu anaweza kutabasamu hivyo mwaka mzima bila kuambulia kitu.

Vijana mnaofanya kazi hizi leo mna vipimo vinavyoandika namba zenyewe. Sisi tulikuwa na kipimo kimoja cha unyevu wa hewa, cha unywele. Ndiyo, unywele wa binadamu. Unywele ukinyonya unyevu hurefuka, ukikauka hufupika, na mtu mwerevu huko Ulaya aliufunga kwenye mshale mdogo, ukirefuka mshale unakwenda kulia, ukifupika unarudi kushoto. Chetu unywele wake ulikuwa umekatika kabla sijafika. Bwana Shamba alikwisha andika barua makao makuu kuomba kingine, na akaandika tena kukumbushia ile ya kwanza, na alipofikia barua ya nne aliacha, akasema ukaidi nao una gharama ya stempu.

"Mkono si unatosha?" nilimuuliza siku moja.

"Mkono unakwambia mgonjwa ana homa," alijibu. "Mimi nataka kujua kabla hajaugua."

Jibu nililipata kitandani kwangu. Nilipanga chumba kwa mfanyabiashara wa Kiislamu pale mjini, mtu mpole ambaye asili yake ilikuwa pwani, na dirisha langu halikuwa na kioo. Alikuwa ameziba kwa filamu kuukuu ya eksirei iliyotoka hospitali ya misheni, kama walivyofanya watu wengi wakati ule. Ilikuwa filamu ya kifua, imepigiliwa misumari upande mmoja tu. Siku za Jumapili nilikuwa sina pa kwenda, basi nalala chali naziangalia mbavu za mtu nisiyemjua. Nikaona kwamba asubuhi, ukungu umejaa mabondeni, filamu imelala bapa dirishani. Jua likipanda, inajikunja taratibu mpaka mwanga unaingia. Jioni inajinyosha tena. Niliiangalia Jumapili nne mfululizo, kisha nikaing'oa, na mwenye nyumba akanidai maelezo.

Bwana Shamba aliigeuza mikononi. "Nini kinachoivuta?"

Nilimweleza nilichokumbuka kutoka chuoni. Filamu ni plastiki iliyopakwa gelatini pande mbili, ingawa ile ya dirishani mvua ilikwisha kula ya upande wa nje, na gelatini ni ile ile ya makongoro: ukichemsha kwato za ng'ombe ukaacha mchuzi upoe, huganda ukawa kitu laini kinachotikisika. Ndani yake mna nyuzi ndogo mno zilizosokotana, na nyuzi hizo zinapenda maji. Hewa ikiwa na unyevu, gelatini inanyonya na kuvimba. Hewa ikikauka, inayatoa na kunywea. Plastiki yenyewe haijali. Basi ukikwangua gelatini ya upande mmoja na kuuacha upande wa pili, ule uliobaki ukinywea unaikunja plastiki, ukivimba unaiachia. Mwenye kuvimba na asiyevimba wamefungwa pamoja, na ugomvi wao ndio kipimo.

"Ndoa," alisema Bwana Shamba. "Endelea."

Tulikwangua kwa magadi ya moto na wembe. Tukakata vipande vyembamba vya urefu wa kidole, kila kimoja tukakibana mwisho mmoja kwenye kibao, mwisho wa pili tukaugandisha unyoya wa kuku kuwa mshale, na nyuma tukaweka kadi. Kilichobaki ni kujua mshale unasema nini. Hapo ndipo Bwana Shamba alipotoa elimu ambayo nimeibeba mpaka leo. Alichukua chupa ya mdomo mpana, akatia chumvi ya Uvinza, akailowanisha kidogo tu ibaki kama uji mzito, akaning'iniza kipimo ndani bila kugusa chumvi, akafunga. Ndani ya chupa ya namna hiyo hewa haina uhuru. Ikiwa na unyevu mwingi chumvi inaunyonya, ikiwa na mchache chumvi inauachia, mpaka hewa itulie kwenye robo tatu ya unyevu wote inaoweza kubeba. Na robo tatu ndiyo mpaka wa mbegu: chini yake inalala salama, juu yake kuvu inaamka. Kesho yake tulichora mstari mwekundu pale mshale uliposimama. Tukauita mstari wa chumvi.

"Sikiliza," alisema huku akifuta vidole. "Kila mwezi kipimo kirudi kwenye chumvi. Kipimo nacho kipimwe. Usipofanya hivyo, utakuwa unasoma unyoya wa kuku."

Baada ya mwaka mmoja mkoa ulitaka mtu wa vipimo, naye akanituma Gwarama, juu huko kaskazini, ambako siku hizi ni Wilaya ya Kakonko lakini wakati ule ilikuwa Kibondo. Watu walikuwa wamehamia vijiji vipya, wengine wameacha nyuma vihenge vyao, na mbegu ya maharage ya vijiji vile ilikusanywa katika ghala moja la mabati lenye sakafu ya saruji. Niliteremka kwenye lori na sanduku la nguo, vipimo saba na chupa ya chumvi. Dereva alinipa mkono, akasema, "Haya Bwana Kipimo, Mungu yupo," akaondoka. Sikuona gari jingine kwa wiki tano.

Sitawadanganya kuhusu upweke wa pale. Kijiji kilikuwa ng'ambo ya bonde, na ghala lilijengwa mbali na moto wa majiko kwa sababu za usalama. Nilipika peke yangu, nikala peke yangu, nikasoma gazeti la mwezi uliopita mpaka matangazo ya vifo. Vile vipimo saba nilivipa majina ya wadogo zangu wa Lushoto. Kipimo cha mlangoni kilikuwa Hadija, cha kona ya mashariki Shekue, na kila asubuhi nilipita nikivisomea hali kwa sauti: "Hadija, leo umekauka. Shekue, mbona umelegea?" Kila kipande kilikuwa bado na kivuli cha mfupa wa mtu, hiki ubavu, kile pingili ya uti wa mgongo. Naona aibu kidogo kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mtu pekee aliyenitembelea kila siku alilipwa kuja. Alikuwa mfagizi wa ghala, mama wa makamo aliyevuka mpaka kutoka Burundi mwaka ule wa vurugu zao, akapata kibanda nyuma ya kijiji. Watu walimwita Mama Nestori. Nestori mwenyewe hakuwapo. Alibaki ng'ambo ya mpaka, na sikujua kama alibaki hai. Kila asubuhi mama huyu alisimama mlangoni, akasema, "Bwakeye, mwana wanje," yaani umeamkaje mwanangu, akangoja nijibu ndipo ashike ufagio. Alinifundisha kujibu. Akimaliza kufagia aliketi kwenye kizingiti, na tulizungumza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea na Kirundi changu kilichokuwa kibovu zaidi. Alinieleza jinsi alivyovuka na mafungu mawili ya maharage yamefungwa kwenye pindo la kitenge, moja la kupika na moja la kupanda, na jinsi walivyolala njaa siku ya tatu bila kuligusa lile la pili. "Imbuto hailiwi," alisema. Mbegu hailiwi. Alisema hivyo bila kujisifu, kama anavyosema mtu kwamba mlango hufungwa.

Msimu wangu wa tatu mvua zilikuja nzito. Vipimo vyangu vikaota kuvu. Gelatini ni chakula, msisahau. Kinachomlisha mtu kinalisha na kuvu. Shekue alipata madoa ya kijani, Hadija akawa na manyoya meupe, na mishale ikaanza kukwama. Nilikuwa na chupa ya fomalini, dawa kali ya kuulia vimelea, niliyopewa kwa ajili ya kusafishia banda la kuku wa mfano. Nikachovya brashi, nikapaka vipande vyote saba. Kuvu ikafa siku ile ile. Vipande vilitoka safi, vinang'aa, nami nilifurahi mno, nikamwandikia Mkaguzi wa Maghala wa Mkoa kumweleza ugunduzi wangu.

Mwezi ule vilitakiwa kurudi kwenye chumvi. Sikuvirudisha. Nilijiambia kwamba ndani ya chupa mna unyevu, na unyevu utaamsha kuvu niliyoiua kwa taabu. Lilikuwa wazo lenye akili, na ndiyo maana lilinidanganya. Wazo la kijinga ningelishtukia.

Mkaguzi alijibu kwa barua ndefu. Alikuwa amevutiwa. Angekuja mwanzo wa Machi, kabla mbegu haijagawiwa kwa upanzi wa pili, na kama mambo ni kama nilivyoeleza, vipimo vya namna yangu vingetengenezwa kwa maghala yote ya mkoa, nami ningehamishiwa Kasulu kuvisimamia. Niliisoma barua ile mara nyingi kuliko barua za mama yangu. Kasulu kulikuwa na maduka, redio, msikiti, watu wa kucheza nao bao. Nilianza kufunga vitabu kwenye sanduku mwezi mzima kabla ya wakati.

Februari ilinyesha karibu kila siku, na mishale yote saba ilisimama kushoto ya mstari, mikavu, imetulia. Nilisema ni kwa sababu nimeziba matundu ya bati vizuri. Asubuhi moja Mama Nestori aliacha kufagia, akasimama kando ya magunia ya nyuma.

"Mwana wanje, hii maharage inapumua."

"Mama, mshale unasema kavu."

"Mimi sijui mshale. Naweka mkono, nasikia iko moto."

"Joto ni la bati," nilimwambia. "Jua lilipiga jana."

Jua halikupiga jana. Sote wawili tulilijua hilo, na yeye kwa adabu hakunikumbusha. Alirudia baada ya siku tatu, nami nikamjibu kwa mkato kwamba hii ni kazi ya kitaalamu. Mkono wangu mwenyewe sikuutumbukiza. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini, maana ilikuwa hatua kumi tu kutoka mezani kwangu na ndilo somo langu la kwanza kabisa. Nadhani nilijua. Nadhani sikutaka mkono uniambie kitu kitakachonizuia kwenda Kasulu.

Mara ya tatu alikuja na kikaango chake, akanyoosha mkono kwenye rafu kuomba kopo langu la chumvi, akakaanga vijiko viwili juu ya jiko langu la mkaa mpaka ikawa kavu ya kurukaruka. Akaitia kwenye chupa kavu ya soda. Akachukua maharage kutoka gunia la nyuma, yale madogo yanayopita mdomo wa chupa, akaongeza, akatikisa kwa muda mrefu huku akiangalia nje mvua inavyonyesha. Kisha akaisimamisha mezani, juu ya barua ya Mkaguzi, tukangoja. Chumvi kavu ikikutana na mbegu kavu huanguka chini. Hii ilikuwa imeganda kwenye kioo pande zote, nyeupe, kama sukari kwenye kikombe cha uji.

"Nyumbani kwetu tunafanya hivi," alisema. "Mama yangu alifanya."

Niliinuka nikaenda nyuma ya ghala, nikakunja shati mpaka begani. Gunia lilikuwa na joto la mwili. Nilibaki pale nimeinama, mkono ndani, nikahisi machozi, na si kwa ajili ya mbegu peke yake.

Nikamteremsha Hadija ukutani, nikamtia kwenye chupa ya chumvi. Kesho yake mshale ulipaswa kusimama juu ya mstari mwekundu. Ulikuwa umesogea upana wa ukucha tu. Niliwatia wote, mmoja mmoja, na wote walisema uongo ule ule. Fomalini haiui kuvu tu. Inazishika zile nyuzi za gelatini na kuzifunga moja kwa nyingine, ndiyo maana wenye kuhifadhi maiti huitumia, na gelatini iliyofungwa hivyo hunywa maji kidogo sana na haivimbi inavyopasa. Nilikuwa nimeviponya vipimo vyangu mpaka vikawa viziwi. Mama Nestori alifunga mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi, akaziweka karibu na jiko. Siku ya tano zilikuwa zimeota nne.

Mkaguzi alikuja na gari la serikali na vumbi lake, maana mvua zilikuwa zimepumzika siku mbili. Alikuwa mtu mnene, mstaarabu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alipita akivitazama vipimo ukutani kwa furaha, akasema wataalamu wa nje wangekuja kuvipiga picha.

"Mzee, havifai," nilimwambia.

Nilimweleza yote: fomalini, chupa ambayo sikuitumia, mbegu nne katika kumi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alifunika kalamu aliyokuwa ameifungua.

"Ungenyamaza, ningeondoka nimefurahi," alisema. "Mbegu ingegawiwa, isingeota, watu wangelaumu mvua."

"Najua, mzee."

"Vizuri kwamba unajua." Kisha akauliza swali ambalo ni haki ya mkaguzi kuuliza. "Na nani aliyegundua?"

Mama Nestori alikuwa hatua sita kutoka kwetu, anafagia. Ufagio ulisimama. Ninaweza kuwaambia sauti ya ufagio ule unaposimama, kwa sababu nimeisikia mara nyingi tangu siku hiyo. Nilikuwa nimekwisha poteza Kasulu, nimepoteza vipimo, nimejivua nguo mbele ya mkubwa wangu. Nilitaka kubaki na kitambaa kimoja cha kujistiri.

"Niligundua mwenyewe," nilisema. "Kwa chumvi."

"Angalau," alisema Mkaguzi, akaandika. Ufagio ukaendelea.

Mbegu tuliiokoa nusu, na walioiokoa ni wanawake. Walivuka bonde na mikeka yao, wakamwaga maharage uani kila jua lilipotoka, wakachambua moja moja kwa vidole, wiki mbili. Upungufu waliuziba kwa mbegu zao wenyewe zilizofichwa majumbani kwenye vibuyu vya majivu, ambazo hakuna ripoti iliyowahi kuzitaja. Ua wangu ulijaa watu na vicheko kwa mara ya kwanza. Mama Nestori ndiye aliyewaita, ndiye aliyewapanga, ndiye aliyekuwa akitembea kati yao na chupa yake ya soda. Mimi niliandika taarifa. Niliandika kwamba kosa liligunduliwa na mpima unyevu kwa njia ya chumvi, nikatia sahihi, nikapeleka nakala kwa Katibu Kata.

Hakunilaumu. Kesho yake alisimama mlangoni, akasema "Bwakeye, mwana wanje," akangoja nijibu. Ila alipomaliza kufagia hakuketi tena kwenye kizingiti. Alisema ana kazi shambani. Alikuwa na kazi shambani kila siku, mwaka mzima, mpaka mwisho. Maneno ya kumwomba radhi niliyapanga mara nyingi kwa Kirundi na Kiswahili, nikakosa ujasiri katika lugha zote mbili.

Baadaye likatoka agizo kwamba wageni waliovuka mpaka wahamishiwe makazi mapya, mbali huko kusini. Waliokuwa na kazi ya lazima katika kijiji wangeweza kuombewa kubaki. Nilivuka bonde mbio kwenda kwa Katibu Kata, mtu makini aliyeheshimu karatasi. Nilimwambia mfagizi wangu ana kazi ya lazima, kwamba bila yeye Gwarama ingepanda maiti mwaka ule.

Alitoa jalada la ghala, akaisoma taarifa yangu kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Hapa hayupo," alisema.

"Ni yeye, ndugu Katibu. Ni yeye aliyegundua."

"Taarifa yako mwenyewe inasema ni wewe. Sasa nikipeleka maombi, nipeleke na karatasi gani?" Hakusema kwa ubaya. Alichukua kalamu, akitaka kunisaidia. "Haya, tuandike mpya. Jina lake nani?"

Nilijua jina la mwanawe aliyebaki ng'ambo. Nilijua mama yake alikaanga chumvi. Jina lake yeye sikulijua. Miaka mitatu alinisalimu kila asubuhi, na sikuwahi kuuliza. Nilirudi mbio kumuuliza, lakini malori yalikuwa yamekwisha fika upande wa pili wa kijiji, na karani alikuwa amesimama juu ya sanduku akisoma orodha. Ndipo nilipolisikia, likisomwa na mtu ambaye hakumfahamu: Anastazia Bukuru. Aliitika, akapanda. Bukuru kwao ni pacha wa kwanza kuzaliwa. Kumbe kulikuwa na pacha wa pili mahali fulani, hai au amekufa, na hilo nalo sikuuliza.

Aliniona kutoka juu ya lori. Alifungua pindo la kitenge kunionyesha fundo la mbegu, akalifunga tena.

Nilibaki Gwarama miaka sita zaidi. Nilihudumu baadaye Kasanda, Kumsenga, na mwisho Kibondo mjini, chini ya mabwana shamba watano, wawili wazuri. Nilioa nikiwa mtu mzima, nikapata watoto, na watu walisema nimezoea Kigoma. Nimezoea, ni kweli. Lakini kuna sehemu ya mtu ambayo ikishafungwa haivimbi tena inavyopasa, hata ukiitia katikati ya watu.

Mjukuu wangu anasoma kemia chuo kikuu. Alipokuja likizo aliniambia vitu vinavyovimba kama ile gelatini sasa vinaitwa haidrojeli, vinatengenezwa kwa makusudi, kimoja kinavimba kikikutana na tindikali, kingine kikikutana na sukari iliyo katika damu, na kwamba ukizifunga nyuzi zake kupita kiasi kipimo kinakuwa kizito kusikia. Nilimwambia hilo nalijua. Nikamuuliza kama huwa wanavirudisha kwenye chumvi. Alicheka, akasema ndiyo babu, kila mara, ndilo jambo la kwanza. Kipande kimoja cha Hadija ninacho bado, kimebanwa kwenye kibao juu ya kabati, na kivuli cha ubavu wa mtu. Masika na kiangazi mshale wake haujatikisika.

Taarifa yangu ya Gwarama ipo kwenye jalada mahali fulani, kama mchwa hawajaimaliza. Ina kosa katika mstari wa tisa, na kwa kuwa sina tena mkubwa wa kumpelekea masahihisho, nayaweka hapa. Mahali palipoandikwa "mpima unyevu", isomeke: Anastazia Bukuru, mfagizi wa ghala.